Scarborough: Siku mbili katika mji wa Asia ulioko Kanada

Kisheria Scarborough si mji tena. Januari 1, 1998 serikali ya jimbo la Ontario iliiunganisha na miji mitano jirani zake kuwa Jiji moja la Toronto, na tangu siku hiyo Scarborough ni jina la eneo tu, upande wa mashariki wa jiji. Hata hivyo, kila anayeshuka basi huko anajiona yuko katika mji unaojitegemea. Eneo hilo lina wakazi zaidi ya laki 6, na zaidi ya nusu yao walizaliwa nje ya Kanada. Wengi wao wametoka Asia: Sri Lanka, China, Ufilipino, India, Pakistani, Bangladeshi na Afghanistan.

Nyumbani Afrika Mashariki, Toronto ikitajwa watu hufikiria mnara wa CN na theluji. Walioishi huko wanajua kwamba habari kubwa ya jiji lile ni chakula, na kwamba chakula chenyewe hakiko mjini kati penye majengo marefu. Kiko Scarborough. Mwaka 2015 mwanauchumi Mmarekani Tyler Cowen, ambaye pia huandika kuhusu vyakula, alizungushwa huko, kisha akaandika kwamba hajapata kuona kitongoji kingine kinachoishinda Scarborough kwa vyakula vya mataifa mbalimbali.

Tuliamua kwenda kujionea wenyewe. Tulikuwa watatu: mmoja wetu ni mzaliwa wa Tanga, mwingine wa Mombasa na wa tatu wa Unguja. Tulikuwa na Jumamosi na Jumapili, kadi za basi, na njaa ya kutosha.

Mji wa barabara pana

Msomaji asifikirie Kariakoo wala Marikiti. Mgeni anayetafuta mitaa yenye vibanda, moshi wa mishkaki na watu wanaosukumana atapita Scarborough nzima asione kitu. Barabara ni pana mno, magari yanakwenda kasi, na mtembea kwa miguu ni nadra. Kando ya barabara kuna majengo ya chini, ya safu moja, yenye uwanja wa kuegesha magari mbele. Wenyeji huyaita plaza. Katika safu moja utakuta dobi, daktari wa meno, ofisi ya kutuma fedha, kinyozi na migahawa mitatu. Ukisimama nje huoni lolote la maana. Ukifungua mlango unakutana na Jaffna, au Hong Kong, au Kabul.

Majengo hayo yana historia yake. Jina la Scarborough lilitolewa mwaka 1793 na Elizabeth Simcoe, mke wa gavana Mwingereza, aliyeona majabali meupe ya kando ya Ziwa Ontario yakamkumbusha Scarborough ya Uingereza. Kwa muda mrefu pakawa mashamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili vikaja viwanda, nyumba za wafanyakazi, na plaza zilizojengwa kwa ajili ya watu wenye magari. Sehemu ya barabara ya Eglinton iliitwa Golden Mile, yaani maili ya dhahabu, na mwaka 1959 Malkia Elizabeth wa Pili alipelekwa kuitembelea plaza yake, maana ilikuwa fahari ya zama zile.

Fahari hiyo haikudumu. Wateja walihamia kwenye maduka makubwa zaidi, viwanda vingi vikafungwa, na plaza za zamani zikabaki na vyumba vitupu. Wenye majengo wakakubali pango dogo, na wahamiaji waliokuwa wakiwasili wakati ule wakavichukua vyumba hivyo. Basi chakula cha Scarborough hakikupangwa na mtu yeyote. Kiliingia mahali ambapo wengine walikuwa wametoka.

Jumamosi: barabara ya Lawrence

Tulianzia barabara ya Victoria Park, mpaka wa magharibi wa Scarborough, tukapanda basi namba 54 linalofuata barabara ya Lawrence kuelekea mashariki. Ni vizuri wageni wajue kwamba ukigusa kadi ya Presto mara moja unaruhusiwa kupanda na kushuka kwa saa 2 bila kulipa tena. Kwa mtu anayetafuta chakula, saa 2 hizo ni mali.

Sehemu ya kwanza ya barabara hiyo inaitwa Wexford. Hapa wamekaa Waarabu wa Syria na Lebanoni, Waafghani na wengineo, na kila majira ya joto barabara hufungwa kwa tamasha la chakula liitwalo Taste of Lawrence. Siku yetu hapakuwa na tamasha, lakini foleni za shawarma zilikuwepo. Karibu kila mlango una kibandiko cha halali, jambo ambalo wasomaji wetu wa pwani watalifurahia.

Tuliingia mgahawa wa Kiafghani. Ililetwa sahani ya wali uliopikwa kwa mchuzi wa nyama, wenye vipande virefu vya karoti na zabibu kavu juu, na nyama imefichwa chini. Mwenzetu wa Mombasa aliuonja, akanyamaza kidogo, kisha akasema huu ni pilau wa harusi uliosahauliwa bizari. Hakukosea sana. Pilau wetu na wao ni ndugu, wote wakitokana na mapishi ya Uajemi. Mmoja alishuka baharini akakutana na karafuu na mdalasini, mwingine akabaki milimani na zabibu zake.

Dukani, kwenye rafu ya mihogo

Kwa wasomaji wetu wanaoishi Kanada, huenda sehemu yenye faida kubwa ya safari hii ni maduka ya vyakula, kuliko hata migahawa. Wengi wanaohamia huko hulalamika kwamba mboga za nyumbani hazipatikani. Zinapatikana, ila zina majina mengine.

Katika duka la Kiarabu tulikuta mlenda umegandishwa kwenye pakiti, ukiitwa molokhia. Katika maduka ya Wachina na Wafilipino kuna matembele mabichi yanayouzwa kwa mafungu, na mchicha wa majani mekundu na wa kijani. Maduka ya Watamil wa Sri Lanka yanauza nazi iliyokunwa na kugandishwa, samaki aina ya nguru aliyekatwa vipande tayari kwa mchuzi, na dagaa wakavu ambao mwenzetu wa Tanga aliwanusa, akachukua pakiti mbili bila kuuliza bei. Bamia, karela, choroko na mbaazi ziko kila mahali.

Kwa Mzanzibari kuna zawadi ya peke yake. Katika duka kubwa la Kichina tulikuta doriani, fenesi na shokishoki, vyote pamoja. Matunda haya asili yake ni Asia, nayo yalivuka bahari hadi Unguja na Pemba zamani. Kijana wa Dar es Salaam anaweza kumaliza shule bila kuona doriani, lakini Mzanzibari aliyeko Scarborough anaipata wakati wa theluji, ingawa imegandishwa na bei yake si ya mchezo.

Mbele ya mihogo ndipo tulipokutana na mzee mmoja wa Kihindi. Alisikia tukibishana kwa Kiswahili kama mihogo ile, ambayo hupakwa nta ili isiharibike safarini, ni mizuri au imekwisha kuoza ndani. Akageuka, akatuambia tuvunje ncha tutazame weupe. Tulimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba kama mtu aliyekuwa akiingoja salamu hiyo kwa miaka. Alizaliwa Dar es Salaam, akaondoka kijana. Kwao, alisema, mihogo hii inaitwa mogo, na Jumapili wajukuu wake huila imekaangwa kwa pilipili na ndimu, bila kujua kwamba neno hilo ni la Kiswahili.

Habari yake ni ya watu wengi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, baada ya Tanzania kutaifisha majumba ya kupangisha mwaka 1971, na hasa baada ya Idi Amin kutangaza Agosti 1972 kwamba Waasia wa Uganda wana siku 90 za kuondoka, maelfu walikwenda Kanada. Wengi walikaa Toronto, katika maghorofa ya Don Mills, magharibi kidogo ya Scarborough. Mwandishi M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, aliandika habari zao katika riwaya yake No New Land ya mwaka 1991. Watu hao walibeba maneno pamoja na masanduku: sufuria, fagio, kisu, kuku. Kuku paka, yaani kuku wa kuchoma aliyetiwa katika mchuzi wa nazi, bado anapikwa katika nyumba zao. Ni chakula cha pwani yetu kilichovuka bahari mbili.

Jumapili: barabara moja, chapati tatu

Siku ya pili tulipanda basi namba 85 linalofuata barabara ya Sheppard. Nia yetu ilikuwa kottu, chakula ambacho kila mtu alitwambia tusiondoke bila kukila.

Watamil wa Sri Lanka walianza kuingia Kanada kwa wingi baada ya mauaji ya Julai 1983 yaliyowasha vita vya miaka 26 nchini mwao. Agosti 1986 wavuvi wa Newfoundland waliwaokoa Watamil 155 waliokuwa wakielea baharini katika mashua mbili za dharura, na Kanada ikawaruhusu kubaki. Leo Toronto na vitongoji vyake vina mojawapo ya jumuiya kubwa kabisa za Watamil nje ya Asia Kusini, na Scarborough ndiyo makao yao makuu.

Kwenye duka la Babu, maarufu kwa vyakula vya kubeba, watu husimama mbele ya vioo wakionyesha kwa kidole. Jina hilo lilituchekesha, maana mwenzetu mmoja alitaka kumwamkia. Kottu hutayarishwa kwa chapati zilizokatwakatwa juu ya bapa la chuma la moto, pamoja na mayai, vitunguu, pilipili, na mchuzi wa kuku au mbuzi. Mpishi hushika vipande viwili vya chuma bapa akakatakata na kuchanganya kwa mpigo mmoja, na mlio wake ni kama ngoma. Neno lenyewe kottu linatokana na kukatakata. Kwa mtu wa Dar es Salaam njia rahisi ya kueleza ni hii: kottu kwa Mtamil ni kama chipsi mayai kwetu. Ni chakula cha usiku, cha watu wanaotoka kazini, chenye kelele, na kinachoshibisha.

Lakini kilichotushika zaidi ni appam. Ni unga wa mchele uliokorogwa kwa tui la nazi, ukaachwa uumuke, kisha ukapikwa katika kikaango kidogo chenye umbo la bakuli hadi kingo zikauke na katikati pabaki laini. Mwenzetu wa Unguja alishika kipande akasema: hiki ni kibibi kisichotiwa sukari. Mchele, tui na chachu ni vile vile. Ni vigumu kusema nani alimfundisha nani. Meli za pepo za msimu zilikwenda na kurudi kwa karne nyingi kati ya Malabar, Oman na pwani yetu, na wanaopika hawaandiki tarehe.

Si mbali na hapo, kwenye barabara hiyo hiyo, liko duka la Mona's Roti la watu wa Trinidad. Chapati yao moja hutiwa ndani dengu za njano zilizosagwa. Nyingine hupigwapigwa kwenye chuma mpaka ichanike, na jina lake kwa Kiingereza cha huko lina maana ya shati lililoraruka. Ni chapati ya India iliyofika Trinidad na vibarua waliopelekwa kwenye mashamba ya miwa kuanzia mwaka 1845. Sisi tuliongezewa wapishi wa chapati kuanzia 1896, pale Waingereza walipoleta kutoka India zaidi ya wafanyakazi 30,000 kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Watamil nao wana ya kwao, wanayoikatakata. Chapati hizi tatu ziliachana zaidi ya miaka mia iliyopita. Scarborough zinauzwa kwenye barabara moja, na mtu anaweza kuzila zote mchana mmoja kwa nauli moja ya basi.

Wachina wa Agincourt na Wachina wa Kolkata

Agincourt ni jina la sehemu ya Scarborough ambako Wachina kutoka Hong Kong walianza kukaa miaka ya 1980, wakijiandaa kwa mwaka 1997 ambapo mji wao ungerudishwa China. Mwaka 1984 kwenye barabara ya Glen Watford, katika jengo lililokuwa ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, lilifunguliwa jengo la maduka la Dragon Centre, mojawapo ya ya kwanza ya aina yake Amerika Kaskazini. Lilijaa watu mara moja, na malalamiko yakaanza. Mamia ya wakazi wa zamani walikusanyika mwaka huo huo kulalamikia magari na maegesho, na baadhi ya maneno yaliyosemwa hayakuhusu magari hata kidogo. Mtu mweusi aliyekaa ughaibuni ataielewa hotuba hiyo bila kutafsiriwa.

Leo mkahawa wa Kichina wa Jumapili asubuhi hauhitaji kujitetea. Tulikaa meza ya duara pamoja na familia tusiyoijua, tukala vitafunio vya mvuke vinavyoitwa dim sum: maandazi ya nyama, kamba waliofungwa katika unga mwembamba, na miguu ya kuku. Walioizoea miguu ya kuku ya vijiweni Dar es Salaam hawatashangaa, ila hapa huchemshwa mpaka ikalainika kabisa.

Kuna Wachina wa aina nyingine pia. Hawa ni Wahakka waliokaa Kolkata, India, kwa vizazi kadhaa wakitengeneza ngozi na kuendesha mikahawa. India na China zilipopigana mwaka 1962, maelfu yao walikamatwa na kufungiwa katika kambi ya Deoli, Rajasthan, ingawa wengi walizaliwa India. Waliotoka walianza kuhama, na wengi wakaja Toronto. Chakula chao ni cha Kichina kwa mchuzi wa soya, na cha Kihindi kwa pilipili na tangawizi. Sehemu nyingi nyama ni halali. Wateja waliotuzunguka walikuwa Wahindi, Wapakistani, Waafrika na Wakaribi, na Wachina wachache. Mtu aliyefukuzwa kwa kuwa Mchina akaja kupendwa kwa kupika Kihindi: haya ndiyo mambo ya Scarborough.

Suala la pango

Furaha hii ina wasiwasi ndani yake. Jengo la Dragon Centre tulilolitaja halipo tena. Limebomolewa kupisha maghorofa ya makazi. Golden Mile nayo imepangiwa minara mirefu katika mpango uliopitishwa na baraza la jiji mwaka 2020, na kwenye barabara nyingine mabango ya ujenzi yanaonekana mbele ya plaza zinazofanya kazi bado.

Hatusemi maghorofa ni mabaya. Toronto ina uhaba mkubwa wa nyumba, na wahamiaji wapya ndio wanaoumia zaidi. Usafiri pia unahitajika. Reli ndogo ya Scarborough iliyofunguliwa 1985 ilifungwa moja kwa moja baada ya behewa kuacha njia Julai 24, 2023 na watu 5 kuumia. Njia mpya ya treni ya chini ya ardhi inachimbwa, lakini kwa sasa wafanyakazi wanasongamana ndani ya mabasi. Serikali isipojenga italaumiwa.

Swali ni nani atakayerudi. Jengo jipya huja na pango jipya, na chumba cha chini ya ghorofa ya kisasa huchukuliwa na benki au kampuni yenye matawi mia, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kulipa. Familia iliyofungua mgahawa kwa akiba ya kazi ya usiku haiwezi. Wasomaji wa Dar es Salaam walioona nyumba za Kiswahili za Kariakoo zikigeuka maghorofa wanalijua jambo hili. Mama lishe aliyekuwa na baraza la kupikia hakupewa chumba kwenye ghorofa ya tano.

Uzuri wa chakula cha Scarborough umetokana na ubaya wa majengo yake. Plaza mbovu yenye pango dogo ndiyo iliyomruhusu mgeni kujaribu, kukosea, na kuanza tena. Wenyeji wanaopenda kupeleka wageni kula huko wangefanya vizuri kwenda pia kwenye mikutano ya mipango miji, ambako mwenye mgahawa hana nafasi ya kufika kwa kuwa yuko jikoni.

Kwa atakayekwenda

Nenda na wenzako, mkagawane sahani, maana mtu mmoja atashiba mapema. Beba fedha taslimu kidogo, kwani baadhi ya maduka madogo hayapendi kadi. Usiogope kuonyesha kwa kidole. Mwambie muuzaji unatoka wapi, kwa kuwa mara nyingi atakuonyesha kitu kinachofanana na cha kwenu. Alasiri, kama miguu ina nguvu, shuka barabara ya Brimley hadi ufukweni uone yale majabali meupe yaliyoipa sehemu hii jina.

Katika siku mbili tulikula vyakula vya nchi saba au nane, na karibu kila meza ilikuwa na kitu tulichokijua kwa jina jingine. Bango la mgahawa lenye neno la Kiswahili hatukuliona katika barabara tulizopita. Vijana wetu waliosomea upishi na wanaotafuta la kufanya wafikirie jambo hilo mapema, wakati bado vyumba vya pango dogo vipo.